Upepo Kutoka Kulia

Mume wa Mboni alikwenda msikitini kuswali adhuhuri, akasahau simu dukani kwao, juu ya majora ya vitenge. Ikalia. Ulikuwa ule mchezo wa gofu anaoucheza kwenye simu na watu wa mbali: zamu yake ya kupiga ilikuwa imefika, na aliyekuwa akicheza naye alikuwa mwanamke.

Mboni akasoma ujumbe ambao mumewe alimwandikia mwanamke huyo asubuhi. "Upepo ukitoka kulia, lenga kulia zaidi. Taratibu tu, utaweza."

Taratibu! Mboni alipomwomba amfundishe kuendesha gari, aliambiwa ataua watu Kariakoo nzima.

Sasa upepo ulikuwa unatoka kulia. Mboni akaweka kidole chenye hina kwenye kioo, akasogeza alama ya kulengea upande wa kulia, akazidisha kidogo, akaachia kwa nguvu. Mpira ukapinda hewani, ukarudi kushoto, ukatumbukia shimoni.

Furaha ikamjaa kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

Ujumbe wa yule mwanamke ukaingia: "Leo umepiga kwa hasira. Mmegombana tena na mkeo?"

Mumewe akarudi, akivua kofia. "Kuna mteja amekuja?"

"Amekuja," Mboni akasema, akamkabidhi simu.