Bawa Kubwa

Bawa dogo, lile la kujazwa hewa na kushikwa mkononi ili upepo uvute ubao baharini, lilimwangusha Zaituni mara mbili. La kati alilishika kwa mikono yote miwili akavuta hadi mabega yakamuuma, lakini ubao chini ya miguu yake uling'ang'ania maji, haukunyanyuka hata kidogo. Mwezi uliopita bawa hilohilo lilimpeperusha juu ya mawimbi kama unyoya.

"Upepo umelegea leo," alisema akitoka majini, akihema.

Kibibi, mwalimu wake na dada wa mumewe, alitazama bendera ya ufukweni. Ilikuwa ikipiga papapa.

"Upepo haujalegea, wifi."

Zaituni alijifunga taulo kiunoni upesi. "Basi nipe kubwa. Mashindano ni kesho, sina muda wa maneno."

Kibibi alilijaza bawa kubwa hewa kwa pampu, taratibu, macho yake hayabanduki kwenye lile taulo. Akamkabidhi mpini mmoja. Wa pili akaushika mwenyewe.

"Miezi mingapi?"

Zaituni alivuta. Kibibi hakuachia.

"Kaka anajua?"

"Niachie, wifi. Kesho tu. Nakuomba."

Upepo ukawaingilia katikati. Bawa likafura, likawavuta kuelekea majini, visigino vyao vikichimba mchanga, na hakuna aliyelegeza mkono.