Duara la Buluu

"Haki ya Mungu, hili ni kweli tupu," alisema Mzee Cheche, fundi mstaafu, akiinua mtutu wa bunduki mbovu uliokuwa ugeuzwe nguzo ya taa. "Nimeutoboa kwa biti ya kawaida ya drili. Biti ya kabaidi, ile ya vyuma vigumu, ni ya waoga."

Ngozi ya mtutu ule ilikuwa ngumu, hata tupa iliteleza juu yake kama kwenye kioo. Ndipo alipoweka dau: atautoboa hivyohivyo bila kuulainisha kwa moto, au afue maovaroli ya karakana nzima.

Shemeji yake, mwenye karakana, aliuchukua mtutu. Alifuta mafuta kando ya tundu kwa kidole gumba. Likachomoza duara la buluu, rangi ambayo chuma huipata motoni tu.

"Shemeji, gesi yangu ya kuchomelea imeishaje?"

Mzee Cheche alikohoa, akalitazama lundo la maovaroli.

"Sabuni mmeiweka wapi?"