Santuri ya Bishop's Umbrella

Ongeri aliifungua santuri kutoka kwenye gazeti, akaishika kwa ncha za vidole, na wageni wote sebuleni wakageuka kuitazama.

"Bishop's Umbrella," alisema. "Si ndiyo ambayo umekuwa ukiitafuta, Bwana Karani?"

Manasseh Angwenyi, karani wa ofisi ya ardhi mjini Kisii, aliisogelea, akaichungulia. Mwaka huo wa 1973, kutoka Keumbu hadi Nyamira hapakuwa na wa kumfikia kwa santuri za roki ya Uingereza, ile ambayo wimbo mmoja humaliza upande mzima na bado hujajua pa kuweka mguu. Wenzake walinunua rumba, wakacheza, wakafurahi. Yeye aliwahurumia. Kwake, bendi iliyojulikana na watu kumi ilikuwa imeharibika.

Na juu ya zote aliiweka Bishop's Umbrella. Tangu Krismasi, kila Jumapili, aliwasimulia walimu na makarani waliokuja kunywa chai yake jinsi alivyoisikia mara moja tu, kwa padre mmoja Mzungu, na kwamba angetoa chochote aipate. Sasa imeletwa na Ongeri, fundi redio wa Mosocho, mtu wa rumba, ambaye Manasseh hakuacha kumkejeli mbele za watu.

"Mbona haina karatasi ya jina katikati?" Manasseh aliuliza.

"Za kwanza zilitoka hivyo. Lakini mjuzi ni wewe. Kama siyo, sema."

Ongeri akateremsha sindano. Kinanda kikalia kama ng'ombe aliyekwama matopeni, ngoma zikafuata njia yao, na walimu wakatikisa vichwa kwa heshima.

"Nitachukua wale mitamba wawili wa Bosibori," Ongeri alisema.

Bosibori alikuwa dada yake Manasseh. Ng'ombe wa mahari yake ndio, kwa desturi, ambao Manasseh angewatoa kuoa mke, na babake mchumba wake, Eucabeth, alikuwa akiwangojea Jumapili iliyofuata. Eucabeth mwenyewe alikuwa ameketi pale pale na kikombe chake cha chai.

"Angwenyi," alisema polepole, "mwambie tu siyo. Nani atakucheka?"

Wote wangemcheka, na Manasseh alilijua hilo vizuri sana. Alimpenda Eucabeth, tena sana, na moyo ulimuuma. Alifumba macho, akainamisha kichwa kama walivyozoea kumwona akifanya, akasikiliza.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Sauti hii siwezi kuisahau."

Eucabeth akaweka kikombe mezani, akafunga kitambaa chake kichwani, akatoka bila kuaga. Ongeri akaomba kamba. Walimu nao wakampa Manasseh mkono mmoja mmoja, wakampongeza, wakaenda zao.

Akabaki peke yake na santuri ya Bishop's Umbrella, bendi ambayo jina lake alilibuni mwenyewe bafuni, siku ya Krismasi, ili kumkomesha Ongeri.