Turubai la Maharage

Fundi alitoka kwenye banda la kuku kufuata koleo, akamkuta mama mkwe wake nje, kashika pembe ya turubai lililofunika paneli za sola juu ya bati la banda hilo.

"Mkwe, kumbe turubai langu la kuanikia maharage mmelipandisha huku?"

Jua lilikuwa la utosi. Fundi aligeuka kutazama bandani. Sasa hivi tu alikuwa amemwachia mkewe mle ndani nyaya mbili za paneli hizo, zilizochunwa ncha, moja kila mkono.

"Zishike zisigusane," alikuwa amemwambia mkewe. "Usiogope, paneli zikifunikwa hazina umeme."

Mle bandani mkewe alikuwa akiimba.

Tangu aoe, fundi hakuwahi kumpandishia mama yule sauti. Huzungumza naye macho chini, taratibu.

"Samahani, mama..." Sauti ilimtoka kama ya mgonjwa.

"Sema kwa nguvu, mwanangu, sikusikii." Akavuta kidogo.

"Acha!" fundi alinguruma, mpaka kuku wakatawanyika.

Mama mkwe akaruka nyuma kwa mshtuko, pembe ingali mkononi, na turubai likamfuata lote.

Paneli zikang'aa. Mle bandani, wimbo ukakatika.