Bunduki ya Mzee Haugen

Emmett alibana kidole gumba kwenye wenzo wa bunduki ya tatu, akameza kilio, akajifanya anakohoa.

Mzee Orville Haugen, baba wa mchumba wake, alisimama kando yake mikono mifukoni, akimtazama bila kupepesa. Tangu waingie dukani asubuhi ile alikuwa ametamka maneno manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa salamu.

"Hii nayo si mbaya," alisema Gus, mwenye duka. "Ila kitako chake kirefu kidogo. Mzee Haugen, wewe unaionaje?"

"Mwache kijana aseme."

Kijana mwenyewe alikuwa daktari wa meno kutoka Chicago. Maisha yake yote hakuwahi kushika bunduki, hata ile ya kuchezea maji. Lakini alimpenda Marlys kupita kiasi, na Marlys alikuwa amemwonya juzi wakiosha vyombo.

"Baba hajawahi kumpeleka mtu dukani kwa Gus. Anakupima, mpenzi wangu. Ukikosea hapo, harusi utaisikia kwa wenzio."

Tena kulikuwa na yule daktari wa ng'ombe aliyekuja kuposa kabla yake, mwindaji hodari anayejulikana wilaya nzima. Mzee alimkataa hata kahawa haijapoa, na hakusema kwa nini. Kama huyo alishindwa, Emmett angeweza wapi?

Sehemu ile ya Montana, mtu asiyesema sana huhesabiwa kuwa ameua sana. Kwa kipimo hicho Mzee Haugen alikuwa bingwa. Sebule yake ilijaa pembe za kulungu toka sakafuni hadi darini, pembe tupu zisizo na vichwa, na hakuna aliyewahi kumsikia akijisifu kwa hata moja. Kila masika ukoo ulipokutana malishoni kupunguza kwa risasi kindi wa ardhini, ambao mashimo yao huwavunja ng'ombe miguu, yeye alibaki kwenye jiko la mkaa akigeuza nyama, kwa sababu ya bega lake bovu. Sasa bega lilikuwa limepasuliwa na kupona, na daktari aliyelipasua, bila kuulizwa, akaitangaza habari hiyo mbele ya mke wa mzee. Kesho yake saa tatu asubuhi mashemeji, wapwa na majirani wangejipanga malishoni kumwona mzee akipiga. Ndiyo maana ilitakiwa bunduki mpya, na ndiyo maana Emmett akaambiwa aichague yeye.

Kwa wiki mbili Emmett alikuwa ametazama video kwenye simu, akikariri kama mtu wa mtihani. Alivuta pumzi, akaanza kumwaga.

"Mimi ningechukua ya wenzo. Unausukuma chini, unaurudisha, risasi nyingine imeingia. Haijali kama wewe ni wa kulia au wa shoto. Na iwe ya risasi hizi ndogo, zinazogongwa ukingoni, nyuma ya ganda. Kelele kidogo, na haipigi bega. Hii tyubu chini ya mtutu inabeba kumi na tano."

"Haipigi bega," mzee alirudia polepole. "Na umbali?"

"Hatua hamsini, sitini. Zaidi ya hapo unawatisha tu."

"Mm."

Gus alimpa ya nne, fupi na nyepesi. Emmett akaelekeza mtutu sakafuni, akafungua wenzo, akachungulia kuona kama kuna risasi, akaweka kidole mbali na kifyatulio, kisha akampa mzee. Mzee naye akaelekeza mtutu sakafuni, akafungua, akachungulia, akanyoosha kidole vilevile, hatua moja baada ya nyingine, kama mwalimu anayerudia hesabu ya mwanafunzi kutafuta kosa. Jasho lilimtiririka Emmett hadi kwenye soksi.

"Basi ni hii," alisema mzee. "Tufungie, Gus."

"Mzee umepata mkwe!" Gus alicheka huku akiitia bunduki kwenye boksi. "Huyu anaongea kama kitabu. Kumbe watu wa Chicago nanyi mna mambo!"

Walipoingia garini mzee aliwasha injini, lakini hakuondoka. Alikuwa akitabasamu. Marlys aliwahi kusema kwamba tabasamu la baba yake amelishuhudia mara mbili tu, na mara moja lilikuwa jino linamuuma. Emmett alilitazama tabasamu lile, dhamiri ikamsuta, akashindwa kuvumilia.

"Mzee, acha niseme kweli, hata kama utaninyima binti yako. Sijawahi kupiga bunduki. Yale yote niliyoongea mle ndani nimeyatoa kwenye simu. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza hata kuishika."

Tabasamu likafifia. Mzee alizima injini, akatazama mbele. Emmett alianza kumuaga Marlys moyoni.

"Hata mara moja?" mzee aliuliza mwishowe.

"Hata mara moja, Mzee. Nisamehe."

Mzee Haugen alivua kofia, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa usukani.

"Basi tumekwisha, mwanangu," alisema. "Zile pembe za sebuleni kulungu huziangusha wenyewe, mimi huziokota tu. Nilitegemea wewe ndiye utakayenifundisha."