Kahawa ya Kutafuna

"Baba anaangalia sana kakushiki," binti Mjapani alimnong'oneza Winifrida mlangoni. "Hadhi ya ukoo, na adabu zake."

Sebuleni, pale Stanmore, ughaibuni, mzee huyo alikaa wima kwenye kiti, wala hakumtazama kijana wa Winifrida, aliyekuja kumposa binti huyo.

Winifrida akaghairi kutoa mkono. Akapiga magoti kwenye zulia kama kwao Bukoba, akamnyooshea kwa mikono miwili kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ishara ya heshima kwao.

"Mama, please, inuka," mwanawe akasema kwa aibu.

Aliyeinuka ni mzee. Goti moja likalia ko, kisha la pili, naye akawa chini, uso kwa uso na mgeni wake. Akapokea punje moja kwa mikono miwili, akaitafuna polepole.

"Lete chai," akamwambia bintiye. "Kwenye vikombe vya marehemu mama yako."