Mkubwa wa Nyumba

Umri wa mtu ulikuwa umri wa mti uliopandwa siku aliyozaliwa: kila pete mpya ndani ya shina, mwaka mmoja. Mvule wa Nakijwa, kule mlimani, uliacha kukua kwa ukame kabla hajaolewa. Wa bintiye Mboza, bondeni, uliongeza pete mbili kila mwaka, maana mvua zilikuwa zimepoteza majira.

Leo bwana misitu alitoboa mashina yote mawili.

"Mama Mboza, binti amekupita. Mkabidhi funguo, atakachosema ndicho."

Nakijwa alicheka. Mboza alikuwa bado anaruka kamba uani.

"Shikamoo, bi mkubwa!" alimtania jioni, akisonga ugali, akamnyoshea funguo.

Mtoto aliacha kamba, akapokea funguo.

"Marahaba, mwanangu," alijibu bila kucheka.

Nakijwa alibaki amesimama, mwiko mkononi, akingoja kuambiwa aketi.